Ubundu: Kusafiri na mbwa kwa baleniere na kwa treni, kila mmoja apate pa kukaa na pa kulala

Msafiri anayetoka Kindu kwenda Kisangani na mbwa wake wawili wa kuwinda anatafuta nafasi mara tatu ndani ya safari moja. Kwanza ni kwenye baleniere, ile boti ya mbao yenye motere inayoteremka mto Lualaba hadi Ubundu. Kisha ni kwenye treni, au juu ya pikipiki treni ikikosekana, hadi Lubunga. Mwisho ni kwenye mtumbwi wa kuvuka mto ili kufika katikati ya mji wa Kisangani. Kila mara anakutana na swali lile lile kutoka kwa kapita na kwa wasafiri wenzake: wewe utakaa hapa, watoto watalala pale, na hawa mbwa je?

Mtu asiyejua njia hii anaweza kucheka swali hilo. Lakini baleniere ikijaa watu, magunia ya mchele, bidoni za mawese, mbuzi, kuku na makala, namna ya kupanga nafasi inaweza kuleta usingizi au ugomvi, na siku mbaya inaweza kuleta kifo.

Kwa nini watu wote hupitia Ubundu

Ubundu, ambayo wakati wa Wabelgiji iliitwa Ponthierville, iko juu kidogo ya maporomoko ya Boyoma. Maporomoko hayo ni saba, yamefuatana kwa urefu wa zaidi ya kilomita 100, na la mwisho ni lile la Wagenia pale Kisangani. Hakuna boti inayoweza kupita hapo. Kutoka Kindu hadi Ubundu, maji yanapitika kwa karibu kilomita 300. Kutoka Ubundu kwenda chini, mto unafungwa na mawe.

Ndiyo sababu kampuni ya CFL ilijenga reli ya kilomita 125 kati ya Ubundu na Kisangani, kazi iliyomalizika mwaka 1906. Stesheni ya Kisangani iliwekwa ng'ambo ya kushoto, katika komine ya Lubunga. Leo reli hiyo iko chini ya SNCC. Kwa muda mrefu treni imekuwa ikipita kwa nadra, na anayeikosa hutafuta pikipiki au baiskeli. Kwa hiyo Ubundu ni mahali pa kushusha na kupakia tena. Mzigo uliopangwa vizuri Kindu unapanguliwa wote, na mwenye mbwa anaanza upya.

Mbwa wa huku na safari

Mbwa wengi wanaosafiri njia hii ni wa kuwinda. Katika misitu ya kaskazini-mashariki mwa Congo kuna mbwa mdogo mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambaye habweki kama mbwa wengine. Juu ya ukimya wake, wawindaji humfunga kengele ya mbao shingoni ili wajue alipo ndani ya msitu. Wazungu walimpeleka Uingereza miaka ya 1930, na huko anajulikana hadi leo kwa jina la basenji. Kila anayesema Kiswahili anasikia mara moja jina hilo lilikotoka: mbwa wa washenzi, yaani mbwa wa watu wa bara. Jina halikuwa la heshima, lakini mbwa mwenyewe sasa anafugwa katika nyumba za matajiri wa Ulaya na Marekani.

Dume la aina hii lina urefu wa sentimita 43 hivi begani na uzito wa kilo 11. Akijikunja kulala, nusu mita kwa sentimita 70 inamtosha. Hesabu hiyo ni ndogo, lakini msafiri anayeifanya kabla ya kulipa nauli anajua aombe nafasi gani. Asiyeifanya hujikuta usiku na mbwa juu ya miguu ya mama wa mtu.

Kengele ya mbao inafaa msituni, si safarini. Ndani ya baleniere inagonga usiku kucha. Mwenye mbwa anayejali wenzake huivua kabla ya kupanda, au huijaza kitambaa.

Kiti cha mchana, kitanda cha usiku

Ulaya kuna watu wanaosafiri na magari ambayo ni nyumba pia. Ndani yake viti vya mchana hukunjuliwa na kuwa kitanda cha usiku, na mwenye mbwa humtengea pembe yake chini, mbali na mlango na jiko. Uingereza, kanuni ya 57 ya barabara inataka mbwa afungwe vizuri ndani ya gari, ili asimsumbue dereva wala kumwumiza mtu gari likisimama ghafla.

Baleniere ya Lualaba haina kiti cha kukunjua, lakini akili inayotumika ni ile ile. Gunia la mchele ni kiti mchana, na usiku magunia manne yaliyolazwa sawasawa ni kitanda. Juu yake unatandikwa mkeka, juu ya mkeka kitenge, na chandarua kinafungwa kwenye miti inayobeba turubai. Familia inayopanga vizuri huweka watoto katikati, baba upande wa ukingo, na mbwa miguuni, chini ya magunia, penye kivuli.

Mbwa hapaswi kuwekwa mahali popote palipobaki. Karibu na motere kuna moshi na joto. Mbwa hatoi jasho mwilini kama mtu. Anajipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na penye joto lisilo na upepo anaweza kufa kwa saa chache. Karibu na bidoni za mafuta anaweza kuangusha kitu, na karibu na moto wa kupikia hatari ni kubwa zaidi. Mwezi wa 4 mwaka 2025, boti ya mbao iliwaka moto karibu na Mbandaka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Komisera wa mto wa huko alieleza kwamba moto ulianza wakati mama mmoja alipokuwa akipika. Chombo cha mbao kilichojaa watu hakina mahali pa kukimbilia.

Mbuzi na mbwa nao wasifungwe pamoja. Mbuzi akishtuka anavuta kamba, mbwa anaruka, watu wanasimama. Hapo ndipo kuna hatari ambayo wengi hawaifikirii: ubavu mmoja wa boti ukipata watu wengi ghafla, boti inalala upande huo. Mzigo mzito ukiwa chini na katikati, boti inatulia. Watu na mizigo wakiwa juu ya turubai, ugomvi wa mbwa wawili unatosha kuipindua.

Kamba na fundo

Jambo dogo linalookoa ni kamba. Kamba ndefu inamruhusu mbwa kuruka nje, akaning'inia ubavuni mwa boti na kunyongwa. Kamba fupi kama urefu wa mkono, iliyofungwa chini, inamwacha asimame, ageuke na alale, lakini haimfikishi ukingoni. Fundo la kitanzi linalojikaza shingoni halifai. Mkanda wa ngozi au wa mpira wa gari uliokatwa vizuri unafaa zaidi.

Upande wa pili wa kamba, fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja. Boti ikizama, hakuna atakayekuwa na dakika ya kufungua fundo gumu. Mbwa aliyefunguliwa anaogelea. Aliyefungwa anazama na boti. Lakini kila mwenye mbwa ajiambie mapema kwamba mtoto anatangulia. Jileti ya kuokoa ivaliwe tangu kupanda, isiwekwe chini ya magunia. Na safari za usiku, ambazo serikali inazikataza mara kwa mara na ambazo bado zinafanyika, ndizo zinazoua wengi, juu ya giza, magogo na michanga.

Ndani ya behewa

Kwenye treni hatari inabadilika. Hakuna maji, lakini kuna msongamano na ukosefu wa hewa. Reli ya Ubundu ina kumbukumbu chungu juu ya jambo hili. Mwanzoni mwa mwezi wa 5 mwaka 1997, wakimbizi wa Rwanda waliokuwa wakirudishwa kutoka kambi za kando ya reli, upande wa Biaro, walipakiwa kupita kiasi ndani ya mabehewa. Treni ilipofika Kisangani, zaidi ya 90 kati yao walikuwa wamekufa kwa kubanwa na kukosa hewa. Hakukuwa na ajali ya treni siku ile. Kilichoua ni ukosefu wa nafasi.

Anayepanda behewa na wanyama akumbuke hilo. Mlango na dirisha visizibwe na mizigo. Mbwa akae chini ya kiti cha mwenyewe, akiwa amefungwa mguuni mwa kiti, si kwenye njia ya katikati ambamo watu hupita gizani. Mizigo mizito ikae sakafuni. Gunia linalowekwa juu huangukia mtoto au mnyama treni ikitikisika. Watu wa familia moja wakiketi uso kwa uso, magoti yanagusana, na chini kati yao panabaki nafasi ambapo mtoto na mbwa wanaweza kulala kwa zamu.

Kwa pikipiki, mbwa mmoja huwekwa ndani ya kikapu au gunia lenye matundu, kichwa kikiwa nje. Ni vizuri asile kitu saa chache kabla ya kuondoka, ili asitapike, lakini maji apewe kila mnaposimama.

Kichaa cha mbwa: hatari kubwa kuliko zote

Nafasi ikipangwa vizuri kabisa, bado kuna hatari ambayo kamba haizuii: kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu karibu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu 40 kwa mia ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wagonjwa wote waliupata kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishaanza, hakuna dawa; mtu anakufa.

Ndiyo maana mtoto hapaswi kulala shavu kwa shavu na mbwa asiyejulikana ndani ya baleniere, hata akionekana mpole. Mbwa aliyebadilika tabia, anayetoka mate mengi, anayeshindwa kumeza au anayeuma hovyo asipandishwe. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, hata kama ni kidogo, kisha atafutwe kituo cha afya chenye chanjo. Kungoja kufika Kisangani bila kuosha ni kosa, na kuweka makala au majani juu ya kidonda bila kuosha ni kosa pia.

Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa wiki 12. Chanjo ya leo haimkingi kesho: nchi za Umoja wa Ulaya zinataka siku 21 zipite baada ya chanjo ya kwanza kabla ya mbwa kusafiri. Anayejua kwamba atasafiri mwisho wa mwezi amwone daktari wa mifugo mwanzoni mwa mwezi, na karatasi ya chanjo aiweke ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vitambulisho vyake. Karatasi hiyo inanyamazisha maneno mengi bandarini.

Viroboto, kupe na funza nao wanasafiri bila tiketi. Mbwa akioshwa na kukaguliwa makucha siku moja kabla ya safari, wasafiri wenzake watalala bila kujikuna.

Maneno ya kupatana kabla ya kamba kufunguliwa

Wanaoijua njia hii hawangoji boti iondoke ndipo waseme wana mbwa. Wanapatana na kapita wakiwa bado ufukweni: mbwa wangapi, watafungwa wapi, nauli yao ni ngapi, nani atasafisha uchafu wao. Kisha wanawasalimu watakaolala jirani, na kumwuliza mama mwenye mtoto mchanga kama anaogopa mbwa. Akisema anaogopa, mwenye mbwa ndiye anayehama.

Kopo moja la maji, kopo moja la mchanga au majivu ya kufunika uchafu, kamba mbili fupi, kipande cha mkeka cha mbwa peke yake: mzigo huo wote unaingia ndani ya ndoo moja. Ndoo yenyewe ni kiti mchana.

Safari inapoishia Lubunga, mtumbwi wa kuvuka ni mwembamba kuliko vyote vilivyotangulia. Hapo mbwa huwekwa katikati, chini kabisa, kati ya magoti ya mwenyewe, na hakuna anayesimama mpaka mtumbwi uguse mchanga wa ng'ambo ya pili. Wanaoshuka kwanza ni watoto, kisha wazee. Mbwa hushuka mwisho, kamba ikiwa bado mkononi.