Fidia ya Mionzi: Nani Anahesabika Kuwa Ameumizwa?

Katika mafundisho ya Sakramenti ya Kitubio tunajifunza kwamba msamaha haufuti wajibu wa kulipa. Aliyeiba kuku anaungama, anaondolewa dhambi, na kuku bado anadaiwa. Katekisimu, namba 2487, inafundisha hivyo kuhusu kila kosa dhidi ya haki na ukweli. Je, mdaiwa akiwa serikali?

Marekani ilijaribu kujibu mwaka 1990. Kuanzia 1951 hadi 1962 ililipua mabomu ya nyuklia ya majaribio hewani huko Nevada, na upepo ukapeleka vumbi lenye mionzi hadi Utah na Arizona. Miaka hiyohiyo wanaume wa kabila la Wanavajo walichimba urani katika migodi isiyoingiza hewa ya kutosha. Madaktari wa serikali walianza kuwachunguza wachimbaji mwaka 1950, lakini wachimbaji wenyewe hawakuelezwa hatari iliyowakabili.

Sheria ya 1990 iliomba radhi kwa niaba ya taifa, ikapanga malipo: dola 50,000 kwa wakazi waliofikiwa na vumbi, 75,000 kwa waliokuwapo kwenye maeneo ya majaribio, 100,000 kwa wachimbaji. Ndani yake kuna busara. Mdai halazimiki kuthibitisha kwamba saratani yake imeletwa na bomu, jambo ambalo ni vigumu mno kulionyesha kwa mgonjwa mmoja mmoja. Anaonyesha alikaa au alifanya kazi wapi, lini, na anaugua nini. Ugonjwa uwe kwenye orodha.

Hata hivyo karatasi zinatakiwa. Wajane wa Kinavajo walioolewa kimila walikwama kwa kukosa cheti cha ndoa. (Aliyewahi kumsindikiza mjane kufuatilia mirathi hahitaji maelezo zaidi.) Sheria yenyewe inakiri kwamba inarudisha sehemu tu ya kilichopotea. Kwetu sisi, neno hilo “sehemu” ni la uaminifu kuliko mengine yote yaliyomo.

Walioachwa nje ni wengi. Bomu la kwanza lililipuliwa New Mexico tarehe 16 Julai 1945, lakini wakazi wa jirani na mlipuko huo hawakutajwa. Sheria ilikoma Juni 2024, ikafufuliwa Julai 2025: wakazi sasa wanaweza kulipwa dola 100,000, New Mexico imeingizwa, na maombi yanapokelewa hadi mwisho wa 2027.

Yameingizwa pia baadhi ya maeneo ya Missouri. Mjini St. Louis urani ilianza kusafishwa mwaka 1942, na taka zake zikachafua kijito cha Coldwater, ambako watoto walicheza. Madini mengi yaliyosafishwa hapo yalitoka Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Aliyekaa karibu na kijito hicho sasa anaweza kudai. Mkongo aliyeyachimba madini yaleyale hatajwi, kwa kuwa sheria inawatambua wachimbaji wa majimbo ya Marekani tu.