Ugatuzi umefika Kiambu. Thika na Ruiru je?

Mkazi wa Thika aliyekuwa na mtaro uliozibika mbele ya duka lake mwaka 1995 alijua mlango wa kubisha. Alikuwa na diwani wake aliyempigia kura. Madiwani nao walikuwa wamemchagua meya miongoni mwao. Na wote walikutana katika ukumbi wa baraza la manispaa, papo hapo mjini. Mtaro wenyewe aghalabu haukuzibuliwa. Mabaraza ya wakati ule yalikuwa na sifa mbaya, ya mishahara iliyocheleweshwa na ya madiwani waliofungiwa hotelini siku chache kabla ya kumchagua meya, na juu yao alikaa Waziri wa Serikali za Mitaa aliyeweza kulivunja baraza lolote, kama lilivyovunjwa lile la Jiji la Nairobi mwaka 1983. Sitamani yarudi jinsi yalivyokuwa. Hata hivyo nawaomba wasomaji wangu, hasa walimu wanaofundisha mambo ya uraia na wanafunzi wanaoyasoma, watafakari nami swali moja: mkazi huyo leo atabisha mlango gani?

Tunafunzwa kwamba ugatuzi ni kuteremsha madaraka kutoka juu hadi kwa wananchi. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliigawa nchi katika kaunti 47, na Kifungu chake cha 174 chataja, miongoni mwa shabaha za ugatuzi, haki ya jamii kusimamia mambo yao wenyewe. Magavana na wawakilishi wa wadi wa kwanza walichaguliwa tarehe 4 Machi 2013. Hebu sasa tuzihesabu ngazi. Kutoka Nairobi, madaraka yalishuka hadi mji wa Kiambu, yaliko makao ya gavana na bunge la kaunti. Wakati huo huo mabaraza ya manispaa ya Thika na Ruiru yalikoma, na shughuli zao zikapanda hadi mji huo huo wa Kiambu. Kwa mkulima wa Lari, serikali ilisogea karibu. Kwa mwenye kibanda wa Thika, kubwa ilisogea karibu na ndogo ikatoweka.

Jambo hili halisemwi sana kwa sababu yaliyokuja na ugatuzi ni mengi na tunayaona. Hospitali ya Thika, ambayo zamani ilisubiri neno la wizara, sasa ni ya kaunti. Ikikosa dawa, au madaktari wakigoma kama walivyogoma wa Kiambu kwa miezi kadhaa mwaka 2025, lawama ina anwani iliyo karibu kuliko zamani. Hiyo ni faida, hata kama mgonjwa aliyelala siku ile bila daktari hakuiona hivyo. Lakini taka, masoko, maegesho, mitaro na taa za barabarani ni mambo ya mji, na hayo ndiyo yaliyopoteza ukumbi wake. Jaa la Kang'oki liko Thika nalo hupokea taka kutoka sehemu kubwa ya kaunti. Wanaoishi kando yake huvuta moshi wa uchafu ambao wengine wameutoa, na uamuzi wa kuuleta hufanywa katika bunge ambamo eneo bunge la Thika Mjini lina wadi 5 kati ya 60 za kaunti nzima.

Ruiru, jirani yake, ni kisa cha kushangaza zaidi. Wanafunzi wengi wa kilimo wanaujua mji huu kwa sababu ya mbegu ya kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 na kituo cha utafiti kilichopo hapo. Mashamba yenyewe yamekatwa vipande yakawa ploti, na juu ya ploti zimeota nyumba za ghorofa. Sensa ya mwaka 2019 iliuhesabia mji wa Ruiru watu 490,120, na Thika 251,407. Nchi ya Iceland mwaka huo haikufikisha watu 400,000. Ina bunge la wajumbe 63, na chini ya bunge hilo miji na vijiji vyake vina halmashauri zilizochaguliwa kwa kura. Ruiru, yenye watu wengi kuliko taifa hilo, haina hata mtu mmoja aliyechaguliwa kuutawala mji wa Ruiru kama mji. Eneo bunge lina mbunge, ambaye kazi yake ni kutunga sheria Nairobi. Lina wawakilishi wa wadi 8, ambao kazi yao iko Kiambu. Mwenyekiti wa mji aliyepigiwa kura hayupo.

Msomaji mwenye sheria zake mkononi ataniambia kwamba ipo bodi ya manispaa. Ni kweli. Kifungu cha 184 cha Katiba chaagiza kuwepo kwa utaratibu wa kuitawala miji, na Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2019, inatoa bodi na meneja. Lakini wanabodi huteuliwa. Hawamo katika karatasi zile sita za kura tunazopewa kila miaka mitano, na bodi hufanya yale ambayo serikali ya kaunti imeikabidhi, kwa fedha ambazo serikali ya kaunti imeiachia. Nimewauliza vijana wa chuo wanaokaa Thika wanitajie jina la mwanabodi mmoja wa manispaa yao. Walinitajia gavana, seneta, hata washindani wa gavana. Mwanabodi hakuna aliyemjua, wala siwalaumu.

Nchi hii imewahi kulichezea jambo hili zamani. Tulianza uhuru mwaka 1963 na katiba ya majimbo, iliyotetewa na chama cha KADU cha kina Ronald Ngala na Masinde Muliro. Haikumaliza miaka miwili kabla ya serikali ya KANU kuibomoa, na Seneti ikafuata mwaka 1966. Mwaka 1969 sheria nyingine ikayanyang'anya mabaraza ya wilaya shule za msingi, afya na barabara. Kila mara sababu ilikuwa moja: mabaraza hayana uwezo. Kisha hayakupewa uwezo, na ushahidi ukazidi.

Basi ikiwa mji hauna baraza lake, umebakiwa na nini? Umebakiwa na haki ya kusikilizwa kabla ya uamuzi kupitishwa, na hapa Kiambu imeandika ukurasa ambao ningependa ufundishwe katika kila shule. Kifungu cha 196 chalazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika utungaji wa sheria. Mwaka wake wa kwanza, serikali ya Kaunti ya Kiambu ilipitisha Sheria ya Fedha ya 2013, ile inayopanga ada na ushuru wa mwaka. Wakazi wakaenda mahakamani wakidai hawakushirikishwa. Tarehe 17 Aprili 2014 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliifutilia mbali sheria hiyo. Alisema kwamba kutangaza tu na kumwacha anayejali aokote habari mwenyewe hakutoshi. Kaunti ina wajibu wa kuwafuata watu walipo: makanisani, misikitini, mahekaluni, katika mabaraza ya wananchi na katika redio, zikiwamo zile za lugha za mama. Kaunti ilikata rufani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikashikilia uamuzi ule.

Tazama uzito wake. Serikali iliyochaguliwa kwa kura nyingi, bunge lenye wajumbe halali, utaratibu wa kupiga kura ukumbini umefuatwa, na bado mahakama yasema: hamkuwauliza wenyewe. Kabla ya 2010 hoja ya namna hiyo ingechekwa. Uamuzi huo umetajwa tangu hapo katika kesi nyingi nchini, na hoja yake ilipanda hadi kwa Bunge la Taifa. Mwezi Julai 2024, wiki chache baada ya vijana kuandamana kupinga mswada wa fedha wa mwaka huo, Mahakama ya Rufani iliitangua Sheria ya Fedha ya 2023, na kasoro za ushirikishwaji zilikuwa miongoni mwa sababu. Mwezi Oktoba Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi huo na kuirudisha sheria. Kwa hiyo mlango haujafunguliwa wazi. Majaji wenyewe wangali wanabishana umma ukisikilizwa kiasi gani ndipo husemwa umesikilizwa.

Nami nimeona jinsi haki hii inavyoweza kutimizwa kwa jina tu. Niliwahi kuhudhuria kikao kimoja cha maoni kuhusu bajeti katika ukumbi wa kanisa huko Ruiru. Tangazo lilikuwa limetoka gazetini siku chache kabla, katika herufi ndogo. Tulioketi tulikuwa wachache, wengi wetu wazee na watu waliotumwa na wanasiasa. Kitabu cha makadirio kilikuwa kinene kama Biblia, nakala mbili kwa ukumbi mzima, zote kwa Kiingereza. Afisa alisoma tarakimu kwa saa nzima. Mama mmoja muuza mboga akainua mkono, akauliza kwa Kiswahili sanifu kabisa: ile ada ya soko tunayolipa kila siku, imeandikwa ukurasa upi na inarudi sokoni kwa njia gani? Aliambiwa swali lake limenakiliwa. Kisha zikaletwa soda na sote tukatia sahihi orodha ya mahudhurio, na orodha hiyo, nina hakika, ndiyo itakayoonyeshwa siku mtu akiuliza kama wananchi walishirikishwa.

Suala la lugha lanikera zaidi ya la soda. Kifungu cha 7 cha Katiba chasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi, zote mbili. Hakuna kinachozuia kaunti kutoa muhtasari wa bajeti kwa Kiswahili, kurasa kumi tu, unaoonyesha kila wadi imetengewa nini. Wafasiri wapo. Eneo hili lina Chuo Kikuu cha Mount Kenya pale Thika na kile cha Jomo Kenyatta pale Juja, katikati ya miji yetu hii miwili, na vijana waliosoma Kiswahili hawahesabiki. Kinachokosekana ni nia.

Kuna watakaosema dawa ya serikali mbaya ni kumwondoa gavana, kwani Kiambu yajua njia hiyo pia. Bunge la kaunti lilipiga kura ya kumwondoa Gavana Ferdinand Waititu mwezi Desemba 2019, na Seneti ikaithibitisha mwishoni mwa Januari 2020. Naibu wake, James Nyoro, akashika usukani. Sheria ilifanya kazi yake. Ila mitaro ya Thika haikubadilika kwa sababu hiyo, wala sikutazamia ibadilike. Kumwondoa mkubwa ni tendo la siku moja, na mambo ya mji ni ya kila Jumatatu.

Ndiyo maana naona zogo la kuupandisha Thika hadhi ya jiji halijagusa kiini. Marekebisho ya mwaka 2019 yalipunguza idadi ya wakazi inayohitajika kwa jiji kutoka 500,000 hadi 250,000, na Thika ikauvuka mstari huo kwa watu elfu moja na ushei. Hongera kwao. Lakini jiji lenye bodi ya kuteuliwa litakuwa mji uleule wenye barua mpya. Ningependa kwanza sheria ibadilishwe ili sehemu kubwa ya bodi ichaguliwe na wakazi siku ileile wanapomchagua mwakilishi wa wadi. Gharama yake ni karatasi moja zaidi ya kura. Sheria ya 2011 ilipotungwa iliacha nafasi ya wanabodi wa kuchaguliwa. Hatuombi jambo geni.

Kabla ya hilo kutokea, walimu na wanafunzi wanaweza kuanza na kalenda. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kati ya tarehe hizo kuna wiki kama tisa. Darasa la kidato cha tatu pale Ruiru laweza kumwandikia karani wa bunge la kaunti barua moja, likiomba ukurasa unaohusu wadi ya shule yao, na Kifungu cha 35 chawapa raia haki ya kuupata. Ziko wadi nane za kuanzia: Gitothua, Biashara, Gatongora, Kahawa Sukari, Kahawa Wendani, Kiuu, Mwiki na Mwihoko. Barua na iandikwe kwa Kiswahili, na jibu lidaiwe kwa Kiswahili.