Chianti: Mvinyo mwekundu usiokamilika bila chakula

MTU anayeonja mvinyo wa Chianti kwa mara ya kwanza kabla ya kula huenda akaukataa. Ulimi huhisi uchachu kama wa tunda ambalo halijaiva vyema, nazo fizi hukauka kana kwamba ametafuna ganda la ndizi mbichi. Hata hivyo, mtu huyo huyo akipewa kipande cha nyama ya kuchoma, glasi iyo hiyo humpendeza.

Siri ya badiliko hilo imo katika zabibu zenyewe. Chianti, jina ambalo hutamkwa 'Kianti', hutengenezwa katika vilima vya Toscana nchini Italia, na chimbuko lake ni kati ya miji ya Florence na Siena. Zabibu yake kuu huitwa Sangiovese. Ina uchachu mwingi pamoja na tanini, kemikali ya maganda na mbegu ambayo hukausha kinywa jinsi ifanyavyo chai ya rangi iliyokolea.

Tanini hushikamana na protini zilizomo katika mate. Mlaji anapotafuna nyama, protini na mafuta yake huipunguzia tanini makali. Uchachu nao huondoa uzito wa mafuta na kuuacha mdomo ukiwa tayari kwa tonge jingine.

Ndiyo maana wakazi wa Florence huunywa pamoja na bistecca alla fiorentina, pande nene la nyama ya ng'ombe lenye mfupa, ambalo huchomwa juu ya makaa na kuachwa likiwa jekundu ndani. Hunywewa pia na jibini ya maziwa ya kondoo iitwayo pecorino, na ribollita, supu nzito ya maharagwe, mboga na mkate wa jana. Pasta yenye mchuzi wa nyanya huufaa vilevile, kwa kuwa nyanya ni chachu, na mvinyo usio na uchachu hupooza mbele yake.

Si kila chakula kinachopatana nao. Samaki wenye mafuta mengi wakikutana na tanini huacha ladha kama ya chuma. Pilipili kali huzidisha mwako wa pombe, ilhali keki na vitu vitamu huufanya mvinyo uonekane mchungu.

Sifa hizo nusura zipotee. Mnamo 1716, mtawala wa Toscana, Cosimo III de' Medici, aliweka mipaka ya eneo la Chianti ili kulilinda jina hilo. Mwaka wa 1872, Bettino Ricasoli, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Italia, alieleza katika barua kuwa zabibu nyeupe ya Malvasia ilifaa tu kwa mvinyo wa kunywewa mapema. Lakini kanuni za 1967 ziliwalazimisha wakulima kutia zabibu nyeupe, kati ya asilimia 10 na 30.

Mvinyo mwingi ukawa hafifu, ukiuzwa kwa bei ya chini katika chupa za tumbo pana zilizovikwa nyasi kavu. Baadhi ya watengenezaji waliona heri waliache jina. Familia ya Antinori iliuza mvinyo wake wa Tignanello wa 1971 kama mvinyo wa kawaida wa mezani, ingawa shamba lake lilikuwa katika eneo la Chianti.

Kanuni zilirekebishwa hatua kwa hatua. Tangu mavuno ya 2006, zabibu nyeupe haziruhusiwi katika Chianti Classico, ambao sharti uwe na angalau asilimia 80 ya Sangiovese. Chupa zake hutambulika kwa jogoo mweusi, nembo ya chama cha watengenezaji kilichoundwa 1924.

Chupa iliyoandikwa Chianti pekee hutoka eneo pana zaidi, na kiwango cha chini cha Sangiovese ni asilimia 70. Aghalabu huwa mwepesi, na hutosha kwa pasta au kuku. Neno Riserva katika Chianti Classico humaanisha umehifadhiwa kwa angalau miezi 24. Huo ndio wa kuwekewa nyama nono.

Kwa hivyo, mnunuzi na aisome lebo akiwa tayari anajua kitakachopikwa.