Kirinyaga: Jina Lililosimama juu ya Barafu

Asubuhi isiyo na mawingu, mkazi wa Kutus anayetazama kaskazini huona mawe meusi yaliyochongoka juu ya msitu. Hivyo ni vilele vya Batian, chenye urefu wa mita 5,199, na Nelion, chenye mita 5,188. Aghalabu hudhaniwa kwamba volkano ndiyo iliyovichonga. La hasha. Volkano iliujenga mlima, kisha ikazimika. Uji wa moto uliobaki kooni mwake ukapoa, ukawa mwamba mgumu. Barafu nayo ikakwangua miamba laini iliyolizunguka koo hilo kwa maelfu ya miaka. Tunachokiona leo ni kizibo tu, na ndiyo sababu kuta zake ni wima. Halford Mackinder alikifikia kilele cha Batian mwaka wa 1899; Nelion kilingoja hadi 1929.

Mackinder ndiye aliyevipa vilele majina ya ukoo wa Mbatian, laibon wa Wamaasai. Majina hayo hayatuelezi lolote kuhusu umbo la mlima. Jina la mlima wenyewe ni kinyume chake. Wagikuyu huuita Kirinyaga, Waembu Kirenyaa, na Wakamba Kiinyaa. Maelezo yanayotolewa mara nyingi huyahusisha majina haya na mbuni, ambaye kwa Kigikuyu ni nyaga: weusi wa mwamba na weupe wa barafu hufanana na manyoya ya mbuni dume. Krapf, aliyeuona mlima kutoka Kitui mwaka wa 1849, aliandika Kenia, na kutokana na umbo hilo nchi nzima ikapata jina.

Ikiwa maelezo hayo ni sahihi, basi nusu ya tashbihi inayeyuka. Barafu ya Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. (Mpunga wa Mwea hautakauka kwa sababu hiyo, maji ya mto Thiba hutokana zaidi na mvua na msitu.) Kinachopungua ni kile kinacholifanya jina lieleweke kwa macho. Isitoshe, Kiswahili hutumia neno barafu kwa kipande cha kwenye friji na kwa mto mzima wa barafu ya mlimani; mwanafunzi wa istilahi ana kazi hapo.

Wazee wanaoukumbuka mlima ukiwa mweupe zaidi wangali wako Kutus na Kerugoya. Masimulizi yao kuhusu jina hili yafaa kurekodiwa sasa, kwa lugha zao wenyewe, kabla ya kufasiriwa.