Ampli ya kikundi: tujue kabla ya kutoa franga

Karibu kila kikundi chetu kinahitaji ampli: kwa mikutano, kwa arusi, kwa matanga, kwa mafunzo ya lishe. Franga zake zinatoka kwenye sanduku la AVEC, nazo ni jasho letu sote. Ndiyo maana juma hili tunaongea juu ya chombo hiki, ili tusidanganywe dukani wala kwa fundi.

Kwanza, tusiamini upesi namba iliyoandikwa mbele. Ampli inayotumia batri ya volti 12, bila kifaa cha ndani cha kupandisha volti, haiwezi kutoa wati 500. Kwa spika ya omu 4, sakiti ya kawaida inatoa wati 4 hivi. Ile ya briji, yenye pande mbili zinazosukuma spika kwa pamoja, kila upande kinyume cha mwenzake, inafikia karibu wati 18. Kwa mtu anayesema ndani ya chumba cha mkutano, hizo zinatosha.

Pili, tuhesabu spika. Spika mbili za omu 8 zikiungwa pamoja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa omu 4. Zikiwa nne, zinabaki omu 2. Ikiwa ampli imeandikwa omu 4 nyuma yake, hapo inabebeshwa mzigo mara mbili: inachemka, na transista za mwisho zinaungua. Watu wanasema ampli ni mbovu, kumbe ni spika zimezidi.

Tatu, tusikilize ugonjwa wake:

– Ikipiga filimbi, mikro inasikia spika. Tusogeze spika mbele ya msemaji, tupunguze sauti. Hapo fundi hahitajiki.

– Ikikwaruza tunapozungusha kifundo cha sauti, kifundo kina vumbi. Kusafisha kunatosha.

– Ikikatika na kurudi tukiigusa, tutazame waya na plagi kwanza, kisha lehemu iliyopasuka ndani.

– Ikivuma muda wote ikiwa kwenye umeme wa nyumba, hata mikro ikiondolewa, mara nyingi kapasita kubwa za kuchuja umeme zimekauka. Hizo zinabadilishwa, hakuna haja ya kununua ampli mpya.

Nne, fyuzi. Ikiungua, iwekwe nyingine ya ampea zilezile. Tusikubali kamwe waya au karatasi ya sigara mahali pake: fyuzi inaungua ili nyumba isiungue. Ikiungua tena mara moja, kuna kitu ndani kimeshikana. Fundi mzuri hataendelea kupoteza fyuzi. Ataunga balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 hivi, katika njia ya umeme. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kosa bado lipo.

Na watoto wasifungue ampli ya umeme wa nyumba, hata ikichomolewa. Kapasita zake zinaweza kutunza umeme na kumpiga mtu.

Tukienda kwa fundi, tumwambie dalili, tumwombe bei ya kila kipande, na aturudishie kipande cha zamani. Na binti akipenda mambo haya, tusimfukuze kwenye meza ya fundi. Kushika chuma cha kulehemu hakuombi misuli, kunaomba mkono mtulivu, na huo binti zetu wanao.