Jina Lako Lilizaliwa Saa Ngapi?

Kabla hujasonga, jiulize: jina lako lina maana gani? Si lile la TikTok. Lile nyanyako anakuita akikutuma dukani.

Mimi naitwa Galgalo, wa Bulapesa hapa Isiolo. Kwa Kiborana, galgala ni jioni. Nilizaliwa mifugo ikirudi bomani, basi, jina langu ni saa. Ningekuja alfajiri ningekuwa Boru, mchana Guyo, usiku Halkano. Ukizaliwa mvua ikinyesha wewe ni Roba, na familia ikiwa inahama kutafuta malisho, wewe ni Godana. Ndiyo maana mimi hutabasamu nikikumbuka kwamba Bonaya Godana, mtu wa North Horr, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Jina la safari, kazi ya safari!

Na si sisi tu. Kwa Waturkana akiru ni mvua, ndiyo unapata kijana Lokiru na binti Nakiru. Ukikutana na Mukami, Mmeru, huyo ni mkamaji wa maziwa.

Shida huanza kwa fomu. Nilipojiunga na chuo (nilikiacha, hiyo ni stori ya siku nyingine), karani alitaka jina la ukoo. Nikamwambia sina: Guyo ni baba, Halkano ni babu. Akaandika Halkano. Mtoto wa jioni nikaitwa Usiku mwaka mzima.

Usidhani ni ushamba wetu. Zamani huko Uswidi, mwana wa Anders aliitwa Andersson, na binti yake Andersdotter. Kila kizazi na jina lake, kama sisi. Kisha sheria ya 1901 ikataka kila familia iwe na jina moja la kurithi, majina yakaganda. Yule kocha Sven-Göran Eriksson, maana yake mwana wa Erik, lakini babake aliitwa Sven.

Sasa twende nyumbani. Wiki jana kaka yangu alipata mtoto wa kiume, mvua ikipiga mabati. Anataka kumwita Jayden. Babu hakubishana. Aliuliza tu, "Huyo Jayden alizaliwa wakati gani?"

Kimya.

Unajua mvua ni nini hapa kwetu? Kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya maana. Ng'ombe waliisha tukiangalia. Mtoto akiitwa Roba, hata akizeeka Nairobi, kuna mtu atamuuliza kwa nini, naye atasimulia kwamba usiku ule mvua ilikuja. Jayden atasimulia nini?

Sisemi Jayden ni jina baya. Mwanao, chaguo lako. Lakini babu ana miaka mingi, na akiondoka anaondoka na maelezo yote. Naandika hii karatasi ya kuzaliwa ikiwa bado na nafasi tupu, na kaka amenyamaza, anafikiria.

Wewe je? Leo jioni mpigie nyanyako simu. Muulize ulizaliwa kukiwa na nini.