Kurekodi upya mahojiano: kwa nini "rudia ulivyosema juzi" ni ombi baya

Tuseme unasoma chuo hapa Arusha na kikundi chenu kinatengeneza dokumentari fupi kuhusu kesi ya ardhi ya Wameru. Mmempata babu mmoja kule Ngarenanyuki, mkamrekodi saa nzima. Mnarudi mjini, mnafungua kompyuta, kumbe sauti imejaa upepo, macho ya babu yamefunikwa na kivuli, na pale penye jibu lenyewe imepita bodaboda. Lazima mmoja wenu atasema: "Si tunarudi tu Jumamosi, anarudia yale yale?"

Ngoja kwanza. Picha ya Mlima Meru unaweza kuirudia hata mara ishirini, mlima hauendi popote. Kumbukumbu ya mtu haiko hivyo.

Kwanza, ujue una nini mkononi

Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru takribani 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka uliofuata, 1952, Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasemea Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Safari ile haikurudisha ardhi papo hapo, lakini kilio cha kijiji kimoja chini ya Meru kilisikika duniani. Mwaka 1967 kilitoka kitabu cha wawili hao kuhusu kesi hiyo.

Sasa piga hesabu. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku ya kuhamishwa alizaliwa 1941. Leo ameshapita miaka 80. Barua na ripoti za kesi zitaendelea kukaa kwenye makabati ya nyaraka, ila mtu aliyeona moshi kwa macho yake hatakuwepo siku zote. Kwa hiyo ile rekodi yenye upepo usiifute. Ndiyo ushahidi wa kwanza.

Kumbukumbu inafanyaje kazi

Wengi tunadhani kumbukumbu ni kama video: ukibonyeza, inacheza. Wanasaikolojia wanasema sivyo. Kila unapokumbuka, ubongo unaijenga habari upya, na vifaa vya ujenzi vinaweza kutoka popote, hata kwenye swali uliloulizwa.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, huko Marekani, waliwaonyesha watu 150 filamu fupi ya ajali ya magari. Watu 50 waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", wengine 50 "yalipopondana", na 50 hawakuulizwa mwendo kabisa. Wiki moja baadaye wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwenye filamu hakukuwa na kioo kilichovunjika. Waliosikia "yalipopondana", 16 walisema waliviona. Waliosikia "yalipogongana" walikuwa 7 tu, na wasioulizwa mwendo walikuwa 6.

Neno moja, wiki moja. Sasa fikiria babu uliyemuuliza juzi, "Askari waliwatisha sana, eh?" Jumamosi ukirudi, anaweza kukujibu kwa maneno yako mwenyewe, na kwa moyo safi kabisa. Hadanganyi. Wewe ndiye uliyeweka tofali lako kwenye ukuta wake.

Kuna na jambo la pili. Ukimwambia mtu "rudia ulivyosema juzi", haikumbuki tena ile siku ya 1951, anakumbuka mahojiano ya juzi. Jibu linakuja fupi na limenyooka, na vitu vidogo vidogo vimedondoka njiani. Na kama juzi alitokwa na machozi, kumwomba arudie hapo ni kumgeuza mwigizaji wa msiba wake mwenyewe.

Kabla ya kurudi, chambua kasoro

Kaeni msikilize rekodi yote, siyo vipande. Kila kasoro iwekeni kwenye fungu lake.

*Picha mbaya, sauti nzuri.* Usirudie swali. Tumia sauti ile ile juu ya picha za shamba, mikono ya babu, barabara ya vumbi, mlima. Hizo ndizo za kurudi kupiga.

*Sauti mbaya, maneno yanasikika kwa shida.* Andika maneno chini ya picha. Watazamaji watavumilia upepo kama wanajua wanachosikiliza.

*Mwaka umekosewa.* Babu akisema 1953 badala ya 1951, usimrekebishe mbele ya kamera wala usimrekodi upya ili ulingane na kitabu. Weka maandishi yenye tarehe sahihi kwenye skrini.

*Swali lilikuwa baya, au jibu halisikiki kabisa.* Hapa tu ndipo pa kurudi kuuliza.

Mara hii fizikia iwe upande wako

Arusha iko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Jua huchomoza na kupanda karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Mwanga laini wa asubuhi hauchukui muda, na ikifika saa sita mchana jua liko utosini: paji la uso linang'aa, macho yanakuwa mashimo meusi. Rekodi kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi, au mkalishe babu kivulini, uso ukielekea upande wenye mwanga.

Sauti ina sheria yake. Penye uwazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inapungua desibeli 6. Maiki ikitoka sentimita 25 hadi mita moja, umepoteza desibeli 12 za babu, wakati upepo na bodaboda viko pale pale. Sogeza maiki karibu na kifua, ivike manyoya au kitambaa cha kuzuia upepo, na epuka chumba cha mabati mvua ikinyemelea. Kabla ya kufungasha, rekodi sekunde 30 za ukimya wa mahali pale. Utazihitaji kuziba mapengo wakati wa kuhariri.

Ukirekodia ndani, kumbuka umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi huja zimepangwa fremu 30 kwa sekunde, na hapo ndipo mistari inayotembea kwenye picha inapotokea. Weka fremu 25 na kasi ya shata 1/50, tatizo linaisha.

Ziara ya pili ni mahojiano mapya

Mwambie ukweli tangu mwanzo: "Shikamoo babu. Tulivyorekodi juzi sauti haikutoka vizuri. Ukiturhusu, tungependa kukuuliza mengine." Ruhusa ya juzi haitoshi, omba tena, na mtendaji wa kijiji ajue mmerudi. Kama ana kumbukumbu nzuri zaidi kwa Kimeru, aongee Kimeru. Tafsiri ni kazi yenu.

Miaka ya 1980 Ronald Fisher na Edward Geiselman walibuni namna ya kuwahoji mashahidi ambayo inakufaa hapa: mrudishe mtu mahali na wakati ule, mwache aseme kila kitu hata kidogo, usimkatize. Basi tembeeni naye mpaka ilipokuwa nyumba. Badala ya "Waliwachomea nyumba?", muulize "Asubuhi ile ulikuwa unafanya nini?" Halafu nyamaza. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo kabla ya swali jingine.

Usimwombe avae shati lile lile ili ionekane ni siku moja. Acha mtazamaji aone kwamba mlirudi. Majibu mawili yakitofautiana, yaweke yote mawili na useme lipi lilitangulia. Na mkimaliza, mpelekee babu nakala ya rekodi zote kwenye memori kadi, wajukuu wake wabaki nazo.